Jengo Lisilopigwa Hodi: Maoni Yangu Kuhusu Lone Survivor

Mchezo wa kompyuta unaoitwa Lone Survivor ulitoka mwezi wa Machi 2012, na karibu kila kilichomo ndani yake, kuanzia hadithi na michoro hadi programu na muziki, ni kazi ya Mwingereza mmoja, Jasper Byrne. Kwa anayeutazama juu juu hadithi yenyewe haina jipya. Maradhi yameumaliza mji, wengi wa walioambukizwa wamegeuka madude yenye rangi ya nyama mbichi, na kijana mmoja aliyevaa barakoa ya hospitali amejifungia katika nyumba ya ghorofani mpaka njaa na upweke vimlazimishe kutoka. Kijana huyu hana jina. Mchezo unamwita Wewe, na inatosha. Nimeurudia mwaka huu, miaka mingi baada ya kuuona mara ya kwanza kwenye kompyuta ya kuazima, na safari hii nimeumaliza nikiwa na yakini ya jambo moja ambalo nadhani mtu wa Unguja ataliona kabla ya mtu wa London: madude yale ni mapambo tu, na khofu yenyewe inatokana na jengo zima la maghorofa ambamo hakuna mtu hata mmoja anayekuja kupiga hodi.

Nasema hivyo kama mtu aliyekulia Michenzani, katika moja ya yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, marefu kiasi kwamba mkaazi wa mwisho huu na mkaazi wa mwisho ule huishi kama watu wa mitaa miwili. Mgeni akizitazama picha za mchezo huu, zenye ukumbi usiokwisha, milango inayofanana na kuta zilizokula unyevunyevu, hataona chochote cha kuhusisha na Zanzibar. Sisi tuliopanda ngazi za namna ile na ndoo za maji mkononi tangu tukiwa skuli ya msingi tunazijua kuta hizo hata kwa kupapasa. Tofauti ni kwamba Michenzani hainyamazi. Alfajiri kuna anayeteremka kwenda kuswali, asubuhi kuna muuza boflo, mchana kuna watoto wanaorudi chuoni na juzuu zao, na jioni harufu ya samaki wa kukaanga inakwambia nani amepika nini kabla hujafika mlangoni kwenu. Mtu akikosekana siku mbili, jirani anagonga. Asipoitikiwa, anagonga tena, mara hii kwa ghadhabu. Byrne amechukua jengo la namna hiyo, akaliondolea watu, akaiacha milango.

Kwanza niseme juu ya picha, maana ndizo zinazowakimbiza wengi. Vijana niliowaonyesha mchezo huu, waliozoea mpira wa kwenye PlayStation ambamo jasho huonekana likimtiririka mchezaji shingoni, waliniuliza kama ni mchezo wa zamani sana. Si wa zamani. Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 na ambayo nakala zake za bei rahisi zilitufikia hata sisi pamoja na kaseti zake, ilichora picha kwa pikseli, yaani vijidoa vya rangi vinavyounda picha, 256 kwa 240 kwa sababu haikuweza zaidi ya hapo. Mwaka 2012 kompyuta yoyote ya kawaida iliweza zaidi, na Byrne akachagua kutoweza. Wala hakukurupuka. Mwaka 2008 alikuwa tayari ametoa Soundless Mountain II, ambamo alichukua mwanzo wa Silent Hill 2, mchezo wa Konami wa mwaka 2001 uliosifika kwa picha zake za ukungu na kutu, akauchora upya kana kwamba umetengenezwa kwa ajili ya mashine ile kongwe ya Nintendo. Kazi ile ilimfundisha kitu: ukipunguza picha, khofu haipungui nayo.

Anayetaka kujua kwa nini asimamishe mchezo pale dude la kwanza linapojitokeza mwisho wa ukumbi. Asogeze uso karibu na kioo cha kompyuta. Ataona vipande vichache vya rangi ya waridi iliyofifia, vingine vya rangi ya damu iliyoganda, na pale panapotarajiwa uso ataona doa jeusi ambalo linaweza kuwa mdomo, linaweza kuwa tundu, na linaweza kuwa kivuli tu. Kisha auachie mchezo uendelee. Kichwa kinaanza kutikisika kwa kasi isiyo ya kiumbe, mwili unajivuta, na ghafla lile doa limeshakuwa kitu. Niliwauliza watu watatu tofauti dude lile lina sura gani. Mmoja aliapa ameona meno, wa pili alisema ngozi yake imechubuliwa, wa tatu alisema halina sura kabisa na ndiyo maana hataki kulitazama. Wote walikuwa wametazama pikseli zile zile.

Jambo hili sisi tunalijua bila ya kompyuta. Mwaka 1995, habari za Popobawa, dude linalosemekana kuvamia watu usiku, zilipozuka Pemba na kuvuka hadi Unguja, watu walihama vyumbani wakalala nje, familia kwa familia, wakakoka moto na kukesha pamoja. Waliokuwa watu wazima wakati ule wakikusimulia, ni nadra kupata wawili watakaokupa sura moja: huyu atasema kivuli, yule atasema harufu, mwengine atasema uzito uliomkalia kifuani asiweze kupiga ukelele. Kitu kisichochorika kilimfaa kila mtu kwa kipimo cha khofu yake mwenyewe. Siingii katika mabishano ya kama kilikuwepo au hakikuwepo, kwani nina jamaa Wete ambao hawatanisamehe kwa jibu lolote kati ya hayo mawili. Ninachokitaka hapa ni ile dawa iliyotumika. Watu walitoka vyumbani wakalala pamoja, na hakuna aliyeambiwa akae peke yake apambane. Dawa hiyo ndiyo Lone Survivor inayomnyima mchezaji wake tangu dakika ya kwanza, na kila kitu kingine katika mchezo kinajengwa juu ya kunyimwa huko.

Chukua taa. Kijana ana tochi, na tochi inakula betri, na betri hazipatikani kirahisi. Ukiiwasha unaona njia, lakini nayo madude yanakuona. Ukiizima unaweza kujibanza katika kipenyo cha ukuta yakakupita karibu mno, ukisikia miguu yao ikiburura sakafuni. Unaweza pia kuweka kipande cha nyama iliyooza ili yaende kula huko nawe upite. Bastola ipo, risasi zake ni za kuhesabu, na kila unapoitumia unaanza kujuta kabla moshi haujatawanyika. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika na kisiwa kizima kikakaa gizani, au mwaka 2008 ilipotokea hivyo hivyo kwa karibu mwezi mmoja, hawana haja ya kufundishwa hesabu hii ya mwangaza. Tulijua mafuta ya taa yamebaki kiasi gani kwenye chupa, nani ana jenereta na ataiwasha hadi saa ngapi, na kwamba dirisha lenye taa peke yake katika jumba lote linaonekana kutoka mbali. Lakini usiku ule ule tulikaa barazani tukipiga soga hadi usingizi ulipotuchukua, na ndiyo maana leo tunaisimulia miezi ile kwa kucheka. Kijana wa Byrne hana baraza.

Sasa nije kwenye kile ninachokiona kuwa ndiyo akili ya mchezo huu. Chini ya madude, tochi na bastola kuna daftari ambalo mchezaji haonyeshwi. Mchezo unaandika namna unavyomtunza yule kijana: umemlisha nini, amelala vya kutosha au umemkesheza, ameua mara ngapi, amezungumza na wale wachache anaowakuta, na amemeza vidonge vingapi. Hakuna mstari wa afya juu ya kioo unaopanda na kushuka, wala namba ya kukutisha. Kuna kijana anayelalamika kwamba ana njaa, kwamba amechoka, kwamba macho yanamfumba, na kuna wewe unayeamua kumsikiliza au kumwambia asubiri. Mwisho wa hadithi unabadilika kwa kutegemea hesabu hiyo, na aliyeshinda kwa mabavu hufikia mwisho tofauti na aliyeshinda kwa subira.

Mpwa wangu mmoja, mtoto wa skuli ya msingi, aliligundua hili kabla yangu, ingawa sikuwa nimempa ruhusa ya kutazama. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, amekunja mikono kama mkaguzi.

"Mjomba, kwani huyu hana mama?"

"Hana mtu."

"Ndiyo maana anakula vya mkebe tu. Si apike?"

Nilimwambia kwamba kwenye michezo ya kutisha watu hawapiki. Baadaye nikaona kwamba kumbe jiko lipo, vyombo vya kupikia vinatafutwa mle mle majengoni, na chakula kilichopikwa kikaliwa kikiwa moto kinamtuliza kijana kuliko mkebe uliofunguliwa kwa haraka. Yaani Byrne ametengeneza mchezo wa kutisha ambao njia bora ya kuushinda ni kurudi nyumbani, kuinjika, kula, na kulala kwa wakati. Hata kurudi kwenyewe kumerahisishwa: vioo vilivyotawanyika katika majengo vinamrejesha chumbani kwake mara moja anapojitazama. Sijaona mtengenezaji mwengine wa michezo ya namna hii aliyeliheshimu jiko kiasi hiki.

Kinyume cha jiko ni vidonge. Viko vya rangi tofauti; vya aina moja humfukuzia usingizi, na vingine ukimpa kabla ya kulala huota ndoto zenye watu wa ajabu, kisha akiamka anakuta mfukoni mahitaji aliyokuwa hana. Hapo ndipo mtego ulipo, na umetegwa vizuri. Mchezaji aliyeishiwa na betri au risasi atavimeza bila ya kufikiri, atapata anachokitaka, na atajiona hodari. Gharama haimfiki siku hiyo. Inaandikwa kwenye lile daftari, na yeye anaendelea kuazima kutoka kwa akili ya kijana wake kama mtu anayekopa dukani bila ya kuuliza deni limefika wapi.

Ule mwambatano wa njaa, usingizi na khofu ndio uliofanya nikubali kwamba mchezo huu unastahili kuitwa wa kisaikolojia, neno ambalo siku hizi linabandikwa kwenye kila mchezo wenye ukuta uliopakwa damu. Kwetu, mtu akianza kusema na nafsi yake hadharani, mzaha wa mwanzo ni kumuuliza kama apelekwe Kidongo Chekundu, na mzaha huo huishia hapo hapo kwa sababu jina la hospitali ile ya maradhi ya akili limegeuzwa tusi la watoto. Lone Survivor haitoi ruhusa ya kutoka kirahisi hivyo. Kijana anasema peke yake tangu mwanzo, anaona watu ambao pengine hawapo, na mchezo haukwambii hata mara moja kwamba huyu ni mgonjwa au huyu ni mzima na mji ndio ulioharibika. Unabaki naye, unampikia, unamlaza. Wanaotaka jibu moja watakasirika, na nimesoma hasira zao nyingi. Mimi naona uamuzi wa kutojibu ni wa haki, kwa sababu aliyekaa peke yake muda mrefu hivyo naye hana wa kumuuliza.

Kasoro zipo, na mbili kati yake ni za kuudhi kweli. Ya kwanza ni ramani. Mchezo unachezwa kwa kutazama ubavuni, kijana akienda kushoto na kulia, ilhali ramani imechorwa kama mtu anayelitazama jengo kutoka juu; kwa hiyo kila ukipita mlango inakubidi ugeuze pande kichwani kabla hujajua unaelekea wapi. Kuna wanaodai kwamba kuchanganyikiwa huko kumekusudiwa. Sikubali. Khofu ya kupotea na kero ya kusoma ramani mbaya ni vitu viwili, na mara kadhaa nilijikuta nimesahau dude lililo mbele yangu kwa sababu nilikuwa nikibishana na karatasi. Ya pili ni njaa yenyewe, ambayo nimetoka kuisifu. Kijana huyu anasikia njaa kwa kasi ambayo haina mfano. Amekula sasa hivi, ametembea kumbi mbili tatu, anaanza tena kulalama. Funga ya siku moja ya Ramadhani ingemshinda kabla ya saa tatu ya asubuhi.

Muziki sitausema sana, kwa sababu unahitaji kusikilizwa. Itoshe kwamba Byrne ni mwanamuziki kabla hajawa kitu kingine, na nyimbo zake zilitumiwa pia katika Hotline Miami, mchezo wa pikseli wa mwaka huo huo wa 2012 wenye damu nyingi na tabia tofauti kabisa. Katika Lone Survivor sauti hufanya kazi ambayo picha imekataa kuifanya. Ukumbi mmoja una mngurumo wa chini ambao hujui kama unatoka kwenye mchezo au kwenye feni lako, na hapa kwetu, usiku wa joto la Februari, hiyo si mzaha: nilizima feni ili nihakikishe, nikatoka jasho bure.

Wanaotaka kuingia katika aina hii ya michezo mara nyingi huelekezwa kwanza kwa Yume Nikki, iliyotolewa bure mwaka 2004 na Mjapani anayejulikana kwa jina la Kikiyama tu, ambamo msichana hakubali kutoka chumbani mwake isipokuwa kwa kulala na kuota. Ni kazi kubwa, na ndiyo mama wa nyingi zilizofuata, lakini kwa mtu asiyezoea inachosha, kwa sababu haina mazungumzo wala lengo la wazi. FAITH, iliyokamilika mwaka 2022, ni ya padri na mashetani katika Marekani ya mwaka 1987, imechorwa kwa mistari michache ya rangi kali juu ya weusi mtupu na sauti za mashine zinazokwaruza. Inatisha mara moja na kwa nguvu, na kwa wanaopenda kushtuliwa ndiyo nitakayowapa. Lone Survivor iko katikati, na ndiyo pekee kati ya hizo tatu inayojali kama umekula.

Tangu niimalize nimekuwa nikichora mchezo wangu mwenyewe. Programu za kutengenezea michezo ya pikseli hazina tena kisingizio cha bei. Godot, kwa mfano, ni ya bure na leseni yake haimdai mtu senti, na kompyuta inayofungua hati za skuli inatosha kuiendesha kwa mchezo mdogo wa namna hii. Kazi ni kuchagua cha kuchora. Ukumbi wa jumba letu nimeshauweka: dirisha la matundu linaloingiza upepo wa Forodhani kwa kusitasita, ndoo zilizopangwa mbele ya mlango, kamba ya nguo, viatu vinavyokwambia nani yuko ndani. Viatu ndivyo vilivyonipa mwelekeo, kwa sababu huhitaji dude lolote katika ukumbi wa Michenzani. Inatosha kuonyesha viatu mlangoni na nyumba isiyoitika.

Katika mchezo huo kitufe kikuu hakitakuwa cha bastola wala cha tochi. Kitakuwa cha kupiga hodi. Mchezaji atapiga mbele ya mlango wowote, na kanuni ninayoijaribu ni kwamba hodi ya tatu isipoitikiwa hatakiwi kuingia, kama ilivyo adabu, hata kama anachokihitaji kiko ndani na anakisikia kikianguka. Shida iliyobaki ni ya kiufundi zaidi kuliko ya hadithi: sijui bado niruhusu muda gani upite kati ya hodi na jibu. Nikiufupisha, mchezaji hasikii kitu. Nikiurefusha, anaondoka mlangoni kabla mwenye nyumba hajafika. Kwa sasa nimeuweka katika sekunde nne, na wote niliowajaribishia wanasema ni nyingi mno.